Aliyelala Upande Wake

Fundi alikuwa anapiga mluzi. Tangu mtoto azaliwe, asubuhi zake ni kunywa chai kanuna, kubeba mashine yake ya kuchomelea na kuondoka. Leo mluzi, na mkono begani kwa mkewe.

"Mama watoto, jana umenikumbusha enzi zetu."

Mkewe akabaki na chupa ya chai mkononi. Jana yeye alilala chumba cha mtoto, mtoto ana homa, mlango kaufunga kwa komeo.

Wiki kadhaa nyuma nesi wa kliniki alimwambia, dada, kama hamu imekata na moyo umejaa, andika kila siku mwili wako unasemaje, usione aibu, ni wako. Akanunua daftari. Lakini kuandika "mimi sitaki kuguswa" mkono uligoma, basi akaandika kama anamwambia mtu. Mwenzangu, nimechoka. Mwenzangu, anakuja bila hata neno, akimaliza anageukia ukutani. Mwenzangu, laiti ungenishikia zamu japo mara moja. Na huyo mwenzangu hana jina wala sura.

Fundi alipoondoka tu akakimbilia chumbani, na harufu ya nywele zilizoungua ikampiga usoni, na mto wake, upande wake, ulikuwa umebonyea na bado una joto, na daftari liko wazi juu yake, na chini ya maneno yake kuna mwandiko unaofanana na wake kama pacha, wino haujakauka: Pumzika. Zamu nimeshika.

Shangazi yake akampeleka kwa mganga, mama mmoja mnene mwenye mafua.

"Ulimwita?"

"Sikumwita, mama! Nilimwandikia tu."

"We mtoto, kwani kuita ni mpaka upige kelele?" Mganga akacheka, kisha akaacha ghafla. "Mimi sina dawa ya huyo. Umempa nafasi yako, kaichukue. Mwambie mumeo kwa mdomo wako unachotaka na usichotaka. Akikubali, huyo hana pa kulala."

Jioni, fundi akiwa anakula, mkewe alisimama mbele yake, mtoto mgongoni.

"Nimechoka mimi! Nataka uniulize kwanza. Nataka unisubiri. Nikisema sitaki, iwe sitaki, na usininunie. Mimi ni mtu, si godoro!"

Aliyasema yote, na kadiri alivyosema ile harufu ya nywele, iliyotanda nyumbani tangu asubuhi, ilizidi kufifia, akaanza kuamini, akavuta pumzi, na hapo huko chumbani kitanda kikalia taratibu, kama mtu aliyegeuka ubavu ili asikie vizuri.

Fundi hakushtuka. Alinawa mikono, akajifuta kidole kimoja kimoja, akautazama mlango wa chumbani, akashusha sauti.

"Sasa ugomvi wa nini, mama watoto? Wewe endelea kulala na mtoto," alisema. "Yule wa humo ndani hana maneno mengi."