Vifaranga wa Mbuni Wasiokimbia

Saa moja asubuhi, Jumanne, kifaranga wa mbuni alijaribu kusimama mara tatu, akaanguka mara tatu. Alikuwa na wiki tano. Vidole vya mguu wake wa kulia vilitazama nje.

Tekla alimwinua, akamweka karibu na jiko. Aliwanunua kumi na mmoja, kwa kibali cha wanyamapori. Wawili walikwisha kufa, nao walianza hivihivi.

Hakuwanyima kitu. Waliishi ndani ya nyumba yake pale kijijini Bashay, juu ya saruji iliyosuguliwa mpaka ikang'aa, wakila kutwa chakula cha kuku wa nyama. Mama yake alilea ndama vivyo hivyo: ndani, karibu na moto, jirani na watoto waliolala. Tekla bado aliikumbuka harufu ile ya moshi na maziwa, na pumzi za ndama zikimpuliza miguuni.

"Umewadekeza kuliko wanao," alisema mumewe, Yoakimu. "Bado kuwavisha soksi tu."

"Cheka. Hawa wakiisha, sileti wengine."

Yoakimu alijua hatanii. Mkewe alikulia Hanang, akichunga ng'ombe wa baba yake mahali ambapo mbuni walipita kila siku. Siku hizi pale pamejaa mashamba, mbuni hawaonekani. Alitaka kuwaona tena kabla macho yake hayajafifia.

Saa nne alifika Kissa, afisa mifugo wa kata.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba, daktari," alijibu Yoakimu. "Baridi yetu umeizoea?"

"Baba, mimi ni wa Rungwe. Hii yenu ni ya kitoto."

Aliupapasa mguu wa kifaranga. "Hakuna jeraha. Mfupa umejipinda juu ya kifundo. Mama, wanatoka nje saa ngapi?"

"Nje? Na upepo huu? Hawatoki."

"Kule Hanang uliwaona vifaranga wa mbuni?"

"Wengi tu."

"Walikuwa wanafanya nini?"

Tekla aliwaona tena: dume mbele, vifaranga nyuma, wakidonoa majani na kukimbia, wakidonoa na kukimbia, mpaka ng'ombe wanarudi nyumbani.

"Wanakimbia," alisema polepole. "Walikuwa hawatulii mahali pamoja."

"Hawa wako wanakaa. Chakula hiki kinawanenepesha haraka. Mifupa bado laini, inabeba mzigo kabla ya kukomaa, inajipinda. Na sakafu inateleza, miguu inatawanyika."

"Niwape chokaa, mifupa ikaze?" aliuliza Yoakimu.

"Usikisie, baba. Madini yakizidi nayo yanadhuru. Nitawaandikia mchanganyiko wa chakula chao. Muwape kwa kipimo, pamoja na majani mabichi yaliyokatwa madogo sana. Jua likipanda, watoke wakimbie. Usiku warudi ndani kwenye joto."

"Na huyu?" Tekla alimshika kifaranga kifuani.

"Huyu hanyooki tena, mama. Ukimfunga vijiti unamtesa. Achinjwe leo. Lakini kuna wawili wameanza kupinda kidogo. Hao tujaribu kuwawahi."

Tekla alimpapasa kifaranga shingoni. Kisha akamkabidhi mumewe yule kifaranga.

"Nani atawakimbiza?" aliuliza. "Dume lao hawana."

"Wanakufuata wewe hata jikoni. Dume ni wewe."

"Miaka thelathini," alisema Yoakimu, "kumbe nimeoa dume la mbuni!"

Siku hiyohiyo walitandika zulia la mpira lenye vipele juu ya saruji, wakazungushia wavu kipande kirefu cha shamba. Kila asubuhi Tekla alitembea mbele, vifaranga wanane nyuma yake. Wiki ya kwanza walichoka upesi na kuketi. Aliwasubiri. Kifaranga mmoja kati ya wale wawili alizidi kupinda, akachinjwa. Mwenzake alinyooka taratibu.

Kissa alirudi vifaranga walipotimiza wiki kumi na mbili. Aliwakagua mmoja mmoja. Vidole vya wote saba vilitazama mbele.

"Wafungulie, mama."

Tekla alitangulia kama kawaida. Akaongeza mwendo, akashika upindo wa kitenge, akakimbia. Vifaranga saba wakampita.