Msiba wa Tatu Itumbani

Nzilani alikutwa amekufa asubuhi ya Jumanne moja ya Julai 1988, katika chumba chake cha kiranja mwishoni mwa bweni la wasichana, Chuo cha Ualimu cha Itumbani, juu kidogo ya Kikima. Alilala chali, blanketi limefika kidevuni, kama mtu aliyefunikwa na mzazi wake. Kando ya kitanda palikuwa na jiko, makaa yake yamekuwa jivu jeupe. Dirisha lilifungwa. Hakuna kitu kilichovunjwa.

Alikuwa msichana wa tatu. Kalunde alikufa vivyo hivyo mwaka uliotangulia, na Syombua mwezi wa Juni tu. Mara zote mbili watu walilaumu baridi ya milima ya Mbooni na ukaidi wa vijana kulala na jiko. Mara hii hakuna aliyethubutu kusema hivyo. Wanafunzi walikaa kwenye nyasi zenye umande, wakakataa kuingia madarasani.

Inspekta Sauda Hemedi alifika kutoka Machakos kabla ya saa sita, pamoja na Konstebo Jonah. Sauda alikuwa mzaliwa wa Kitui mjini, mwanamke mrefu wa sauti ya chini ambaye hakupenda kukatiza watu. Alianza na Mumbua, rafiki wa marehemu.

"Nani alimwona kwanza?"

"Mimi na Mama Kaluki, matroni wetu. Nzilani hakukuja kwa uji. Nikabisha kwake, kimya. Nikakimbia kumwita Mama."

"Mlango ulikuwa na komeo?"

"Hapana, madam. Niliogopa tu kufungua. Mama Kaluki akainama, akavuta leso iliyokuwa imeziba pale chini, akasukuma mlango, tukaingia. Yeye akaanza kulia. Mimi sikuweza hata kulia."

"Leso ya nani?"

"Ya Nzilani. Ile ya njano."

Kaluki mwenyewe alikuwa ofisini kwa mkuu wa chuo, amemkumbatia msichana aliyekuwa akitetemeka. Alikuwa mama wa makamo, mnene, na wasichana walimng'ang'ania kama vifaranga.

"Wanaziba milango kwa nguo ili upepo usiingie," alimwambia Sauda. "Nimewakataza mpaka nimechoka, binti yangu. Hawasikii."

Alipotoka, Bwana Nzomo, mkuu wa chuo, alitikisa kichwa. "Bila huyu mama tungekuwa tumefunga chuo. Mwenyewe alifiwa na Mbinya, mtoto wake wa pekee, miaka mitatu sasa. Tulikaa naye mwezi mzima, chuo chote. Ndiyo maana anajua kuwatuliza wengine."

"Nzilani alikuwa na adui?"

Nzomo alisita. "Alimshtaki mwalimu wa saikolojia, Musembi. Alisema anamwita nyumbani kwake jioni. Halafu kuna kijana, Mutunga. Walikuwa wachumba. Jumapili waligombana mbele ya watu."

Mutunga alikwisha kushikwa na wenzake kabla Sauda hajamwita. Walikuwa wamemwona jana yake jioni amebeba jiko, na walimchania shati walipokuwa wakimshika.

"Ulikuwa unalipeleka wapi?" Sauda aliuliza.

"Chumba cha wagonjwa, afande. Kila jioni mmoja wetu hutumwa."

"Na ugomvi?"

"Alitaka tungoje apate kazi ndio tuoane. Nilikasirika, sikatai." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Lakini Nzilani alikuwa na pumu. Hata kwao Mukuyuni hangeingia jikoni moto ukiwaka. Angelalaje na jiko, afande?"

Sauda alirudi chumbani. Aliitazama mikono ya maiti. Ilikuwa safi. Vidole na kucha havikuwa na weusi wa makaa.

Mwalimu Musembi alisema alikuwa nyumbani akisahihisha mitihani usiku kucha. Mlinzi wa lango alisema hakumwona akirudi. Sauda alimtazama mwalimu huyo akikunja na kukunjua miwani yake.

"Mwalimu, wanafunzi wako watatu wamekufa. Ukinidanganya mara ya pili nitakufunga pingu."

"Nililala Mukuyuni," Musembi alisema kwa sauti ndogo. "Kwa baa. Mimi ni mzee wa kanisa, Inspekta. Nisingeweza kusema."

Jonah alikwenda Mukuyuni. Mwenye baa alimkumbuka vizuri mwalimu. Musembi alilewa, akamwagia bia mgeni mwingine, wakamlaza chumba cha nyuma. Musembi alikuwa mtu wa kuaibisha chuo, lakini hakuwa na mkono katika kifo hiki.

Siku ya pili daktari alipiga simu. Nzilani alikufa kwa hewa ya makaa, lakini kabla ya hapo alimeza dawa ya usingizi, nyingi. Sauda alimfuata Kaluki, ambaye ndiye aliyegawa dawa chuoni, kwenye bwalo, akamkuta ameketi na mama yake Nzilani, kichwa cha mama huyo kimelala begani mwake.

"Nzilani alikuja kwako kuchukua dawa?"

"Za mafua tu," Kaluki alijibu bila kuinua kichwa. "Tafadhali, binti yangu. Huyu mwenzangu ndio kwanza ametulia."

Mchana ule ukungu ulishuka mpaka ukafunika madirisha. Sauda aliingia chumba cha wageni alikopangiwa, baridi ikimtafuna miguu. Upepo ulipita chini ya mlango. Akakunja taulo, akapaziba nayo. Hakukaa sana Jonah akabisha na kusukuma. Mlango ukakwama kwenye taulo.

"Ngoja," Sauda alisema. Akainama, akaivuta taulo, akamfungulia.

Kisha akabaki ameishika mkononi.

"Jonah, toka nje tena. Sasa vuta hii taulo ukiwa huko."

"Itavutwaje, afande? Iko ndani na wewe."

"Mumbua alisema matroni aliinama akavuta leso, ndipo akafungua mlango. Walikuwa nje wote wawili." Akaitupa taulo sakafuni. "Leso iliwekwa na mtu aliyetoka, akamwacha msichana ndani. Na matroni aliiona iko nje, lakini akaniambia wasichana ndio huziba. Mumbua yuko wapi?"

"Alizimia kwenye maombi. Mama Kaluki amempeleka chumba cha wagonjwa apumzike."

Walikimbia. Katika ukungu waliona mlango wa chumba cha wagonjwa umefungwa, na chini yake blanketi lililokunjwa, limesukumwa vizuri kutoka nje. Jonah alilipiga teke. Hewa ya ndani ilikuwa nzito na ya moto. Mumbua alilala, blanketi limefika kidevuni, jiko jekundu miguuni pake. Wakambeba mpaka kwenye nyasi, Sauda akampiga makofi, akamwita jina, akampiga tena. Msichana akakohoa, akatapika, akavuta pumzi. Jonah, ambaye hakuwahi kulia kazini, aligeuka akatazama upande mwingine.

Kaluki alikuwa nyumbani kwake, nyuma ya bwalo. Alikwisha kuvaa gauni jeusi. Sufuria kubwa ya chai ilikuwa ikichemka, na mezani vikombe vilikuwa vimepangwa kwa wingi.

"Unangoja wageni, Mama?" Sauda aliuliza.

"Watu huja," Kaluki alisema.

"Leo hawaji. Mumbua yuko hai."

Mkono wa matroni ulitulia juu ya kikombe. Hakukimbia, hakukana. Alivuta kiti akaketi, akaonekana mzee ghafla.

"Ulimpa dawa za kumlaza."

"Huyu aliniona nikivuta leso. Lakini asisikie uchungu. Wote hawakusikia uchungu. Niliwafunika vizuri."

"Kwa nini? Watoto hawa walikuita Mama."

Kaluki alifikiri, kama mtu aliyeulizwa njia. "Mbinya alipokufa, nyumba hii ilijaa. Waliniimbia, walinilisha, walilala hapa sakafuni. Sikuwa peke yangu hata dakika moja. Halafu wakaenda. Nikipita wananiamkia tu, kila mtu na shughuli zake. Kalunde alikufa mwenyewe, Inspekta, huyo sikumgusa, jiko lilikuwa lake. Lakini siku ile walirudi. Mama yake alinishika akakataa kuniachilia. Nilipata usingizi kwa mara ya kwanza." Alimtazama Sauda machoni. "Walipoanza kusahau, nikamchagua Syombua."

"Na Nzilani?"

"Walisahau haraka zaidi."

Jonah alitoka nje. Sauda alimfunga pingu Kaluki. Mutunga aliachiliwa saa ile ile. Wenzake walimwomba radhi, akawapita.

Ilibaki kazi moja. Mama yake Nzilani alikuwa ofisini kwa Nzomo, ameketi kwenye benchi, macho yamevimba.

"Mwanangu," alimwambia Sauda, "niitie Kaluki. Yeye ndiye anayejua kunishika."

Sauda alifunga mlango, akapiga magoti mbele yake, akamwambia yote, polepole, bila kupunguza neno. Mama hakupiga kelele. Aliinua mikono, akaanza kuvua kitambaa ambacho Kaluki alimfunga kichwani asubuhi ile. Fundo likakataa. Alivuta, akavuta tena, na Sauda akasogea akamsaidia kulifungua.