Spea za Marehemu

Gauni la marehemu lilikuwa na jasho bichi kwapani. Fundi redio alilinusa, akalirudisha juu ya rundo, akajifanya hakuona.

Nyumba ilikuwa imejaa hadi darini: redio mbovu, pasi, feni zisizo na mapanga, na kila alichoacha mkewe, kuanzia viatu hadi kitana chenye nywele zake. Fundi hakutupa kitu. Kibovu, alizoea kusema, ndicho spea ya kizima.

"Baba, leo tunatupa," binti yake alisema, akikunja mikono ya shati. "Hata panya wamehama kwa kukosa pa kulala."

"Vya mama yako usiguse."

"Mama hayumo humu, baba. Humu mna takataka."

Rundo likapumua. Harufu ya mafuta ya nywele ya marehemu ikajaa chumbani.

"Baba," binti alinong'ona, "nani yuko humo ndani?"

Tangu mazishi fundi alikuwa akiliomba rundo lile limrudishie mkewe, kwa njia yoyote. Kumbe humo mlikuwa na msikilizaji, tena aliyejifunza kazi kwa kumtazama.

Papo hapo waya ukamnasa binti kifundo cha mguu, ukamwangusha kifudifudi, ukamburura kuelekea rundoni, na baba alipomdaka kwapani akavuta, gauni likainuka lenyewe, ndani yake mifupa ya vyuma, likamshika binti mkono, na bisibisi ikaanza kufungua vidole vyake, taratibu, bila pupa, kama fundi mwenyewe anavyofungua redio, huku damu ikiruka ukutani na binti akipiga kelele, "Choma, baba! Choma vyote!"

"Yamebaki macho tu, mume wangu," gauni lilisema, kwa sauti ile ile aliyoizika. "Yake yananienea."

Kwa pumzi moja, mikono ya fundi ililegea.

Binti alihisi. Akageuka, akamtazama.

Ndipo fundi alipolipiga teke debe la petroli ya kuoshea vipuri, akawasha kiberiti. Gauni likaachia, likalia ndani ya moto kama mwanamke.

Hospitalini nesi aliuliza viliko vidole viwili vya binti vilivyofunguliwa, huenda vingeshoneka.

"Vimeungua," fundi alisema.

"Umechoma vyote, baba?"

"Vyote, mwanangu."

Kitana cha marehemu kilikuwa mfukoni mwa fundi. Akatia mkono kukipapasa, na mle mfukoni vidole viwili vyenye ujoto vikaushika mkono wake, vikaubana, kama afanyavyo mke asiyetaka mumewe aseme neno mbele ya watoto.