Ng'ombe wa Mama na Mashine Isiyo na Waya

Ndugu zangu wa Handeni na Korogwe, sogeeni msikie. Haya yalitendeka mchana kweupe, tena mbele za watu, na mpaka leo nikiyakumbuka mwili unanisisimka.

Nyumba ya Mama Mwanaidi, nje kidogo ya mji wa Handeni, ilikuwa na amani yake. Jioni Mama huchambua choroko barazani, binti yake Hajira hupika, na Kibwana, kaka mtu, hujaribu nyimbo kwenye spika zake kuukuu. Kibwana alikuwa DJ wa harusi, na watu walimpenda. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: kitu kipya kikipita mbele yake, akili humhama.

Hajira alipochumbiwa, Mama alimwambia, "Mwanangu, dhahabu sina. Lakini ng'ombe wangu ana mimba. Ndama atakayezaliwa ni wako."

Ng'ombe huyo alikuwa kwa Tiampati, mfugaji wa Kimasai huko nyikani. Kwetu mkulima humkabidhi mfugaji ng'ombe wake kwa neno tu, na neno la mtoto huhesabiwa kuwa neno la mzazi. Shikeni hapo, maana hapo ndipo Kibwana alipopatumia.

Duka moja la Korogwe lilitangaza mashine ya DJ isiyo na waya, bei imeshushwa vibaya mno. Kibwana alikwenda kuitazama na rafiki yake Andrea, fundi wa muziki kutoka Kabuku. Haikufanana na mashine walizozizoea. Ilikuwa ndogo kama sinia, inawaka taa za rangi, na nyimbo zote ilizivuta hewani kutoka kwenye simu.

"Kaka, hii achana nayo," Andrea alisema. "Simu ikiita katikati ya shughuli, je? Tuwaombe tuijaribu kwanza."

"Wivu huo!" Kibwana akacheka. "Bei hii ikipita hairudi."

"Bei haianguki bila kusukumwa. Uliza nini kimeisukuma."

Kibwana hakuuliza. Na kwa kuwa mfukoni hakuwa na kitu, alipanda bodaboda hadi kwa Tiampati.

"Mama amenituma," alisema bila kupepesa macho. "Ng'ombe wake auzwe."

Tiampati alishangaa. "Na mimba yake hiyo?"

"Anayemnunua anakwenda kumfuga."

Ng'ombe akauzwa, mashine ikanunuliwa. Moyoni Kibwana alijiambia kwamba atapiga harusi za msimu mzima, kisha atamkomboa ng'ombe kabla Mama hajajua. Ndivyo mwizi wa nyumbani anavyojifariji, wenzangu. Wizi huuita mkopo.

Siku ya harusi ya Hajira mashine iling'aa, wasichana wakapiga nayo picha, na Kibwana akajiona mfalme. Ukafika wakati wa kumtunza bibi harusi zawadi. Mama Mwanaidi akashika kipaza sauti.

"Hajira mwanangu, mbele ya watu hawa nakutunza ndama wa ng'ombe wangu."

Vigelegele! Kibwana akapandisha muziki haraka asisikie zaidi.

Ghafla muziki ukakatika, na spika zote zikaanza kuita. Ilikuwa simu yake. Kwa kiherehere akabonyeza kitufe cha kusimamisha wimbo. Maskini, hakujua kwamba kwenye mashine ile kitufe hicho hicho ndicho kinachopokea simu.

"Kibwana!" Sauti ya Tiampati ilijaza turubai zima. "Kwa nini umenidanganya? Ulisema ng'ombe wa mama yako anakwenda kufugwa. Nimemkuta machinjioni Kabuku! Wamemtoa ndama tumboni, amekufa. Mama yako anajua?"

Lahaula! Vigelegele vilikatikia vinywani. Kibwana alibonyeza kila kitufe, na sauti iliendelea kuuliza, "Anajua? Mama anajua?" Hajira alijifunika uso kwa mtandio wake wa harusi.

Mama alikuwa bado amesimama, kipaza sauti mkononi. Alizungumza taratibu, na maneno yake yakatoka kwenye spika za mwanawe.

"Ndama alikuwa wa Hajira. Ng'ombe mwenyewe nilikuwekea wewe, Kibwana, siku utakayooa."

Akaketi.

Hajira alikwenda kwa mumewe mikono mitupu. Tiampati hapokei tena neno la mtu yeyote wa nyumba ile, na Kibwana haitwi harusini. Mashine ameiweka sokoni Handeni kwa bei ya kutupa. Kila anayeishika humuuliza, "Mbona rahisi hivi? Ina kasoro gani?"

FUNZO

Vijana, kitu kigeni kikishushwa bei, kijaribuni kwanza, na msikilizeni mwenzenu anayeijua kazi. Lakini kubwa kuliko hilo, mali ya mzazi haikopwi kwa siri. Kibwana alidhani anamwibia mama yake, kumbe alikuwa akijiibia mwenyewe.