Maoni ya Namalwa Kuhusu Kozi ya Nyota

Foleni ya fotokopi nje ya geti la chuo ilikuwa imepinda hadi kwa muuza soseji za smokie, na kila aliyesimama humo alikuwa akiilaani kozi moja. Jina lake rasmi ni Utangulizi wa Astronomia. Wanafunzi waliiita Nyota, na waliitaja jinsi mtu anavyotaja jino bovu.

“Manze, mimi nilidhani tutaangalia mwezi na darubini,” Jerry alilalamika. “Kumbe ni hesabu mwanzo mwisho!”

“Rep, si uambie Dakta Obura apunguze mbio?” mwingine akadakia.

Rep, yaani mwakilishi wa darasa, alikuwa Namalwa. Alivaa sweta ya manjano aliyojifumia mwenyewe na kilemba cha kitenge kilichomwongezea urefu ambao Mungu alimnyima. Mikononi alibeba mitihani ya miaka iliyopita, awatolee wenzake nakala.

“Hizo hazitakusaidia, madam,” sauti ilisema nyuma yake. “Dakta Obura harudii swali.”

Aligeuka. Alikuwa kijana mwembamba, koti la kijivu limempauka viwiko, macho yamejaa utani.

“Na wewe ni nani, mpelelezi?”

“Naitwa Waithaka. Kuanzia kesho nitawafundisha mazoezi ya hiyo Nyota mnayoitukana.”

Namalwa alicheka mpaka karatasi zikamponyoka, na wakaziokota pamoja miguuni mwa watu.

Simu ya Namalwa ilikuwa ikilia kutwa. Rep, darasa liko wapi? Rep, niandikie jina la mahudhurio, niko ushago kijijini. Hakuna aliyeuliza habari zake. Simu ikikatwa, chumba chake cha kukodi kilirudia kimya chake, yeye na meko ya gesi na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Msichana huyu alijuliwa na darasa zima na hakuwa na mtu wa kula naye chakula cha jioni. Kwa hiyo Waithaka alipopiga mara ya kwanza, alidhani kuna shida.

“Umekula?”

“Ni nini, mwalimu? Jaribio la CAT limesongeshwa?”

“Nimeuliza kama umekula.”

“Aa… bado.”

“Basi kula kwanza. Nitapiga tena.”

Alipakua wali uliobaki, akaula amesimama, machozi yakimtoka huku akijicheka. Swali dogo kama hilo lilitosha kumwangusha mzima mzima.

Mapenzi yao yalikwenda kasi, na kwa siri. Waithaka hakusahihisha mitihani, lakini wote wawili waliijua midomo ya wanafunzi. Namalwa alikuwa ameanguka vibaya CAT ya kwanza. Jumamosi moja Waithaka alimletea viazi kutoka kwao Dundori, akafunga pazia, akawasha tochi ya simu na kuiegemeza dirishani.

“Simama hapo katikati, mrembo. Wewe ni dunia.”

“Na wewe?”

“Mimi nimebeba mwezi,” alisema, akiinua kiazi.

“Mwezi wenyewe una udongo!”

“Wacha mchezo, babe. Nikizunguka hivi, unaona upande wenye mwanga unavyopungua?”

“Naona… Waithaka, naona! Mbona darasani sikuona?”

“Darasani ulikuwa unawaandikia watu majina.”

CAT ya pili alipita vizuri. Lakini wengi walianguka tena, na idara ikaitisha maoni ya wanafunzi. Desturi ya pale ilikuwa rep awasikilize wenzake kwanza, kisha aende mbele ya idara aseme alichosikia bila kutia chumvi wala kupunguza. Namalwa aliiheshimu desturi hiyo mno. Siku ya kikao cha darasa, ukumbi ulichemka.

“Dakta anakimbia!”

“Hesabu zinaanza kabla hatujajua tunahesabu nini!”

“Na yule boy wa mazoezi,” Jerry alipaza sauti, “anamaliza saa nzima akituchezea na viazi! Rep, sema hiyo ya viazi!”

Watu walipiga makofi. Namalwa aliinama, akaiandika.

Ofisini kwa Dakta Wangare, mkuu wa idara, Waithaka alikuwa ameketi karibu na dirisha, koti lake limepigwa pasi. Namalwa aliyasema yote kwa sauti isiyotetemeka, na viazi pia.

“Kuna yeyote anayesaidika na mazoezi haya?” Dakta Wangare aliuliza.

Waithaka aliinua uso, akamtazama Namalwa.

“Darasa halikusema hivyo, Dakta,” Namalwa alijibu.

Na kweli halikusema. Alijibu kama rep, akasahau kwamba ndani ya rep kulikuwa na mtu. Kabla wiki haijaisha mazoezi yalipewa mwalimu mwingine, na Waithaka akapiga simu. Safari hii hakuulizia chakula.

“Na wewe, ulionaje?”

“Waithaka, rep hasemi yake. Ningesema, wangedai nakutetea kwa sababu tunapendana.”

“Sikutaka kutetewa. Nilitaka kujua unaonaje, Namalwa. Hata nje, kwa korido, ungeniambia.”

“Babe, nisikilize…”

Waithaka alikuwa ameshakata simu. Siku zilizofuata simu ya Namalwa ililia vilevile, Rep hiki, Rep kile, na kila ilipolia moyo wake uliruka, kisha ukaanguka. Jumapili aliimba kanisani katikati ya umati, mtu wa kulia kwake akamwambia amani iwe nawe, na upweke ukamzidi, akatoka nje kabla ya wimbo wa mwisho. Alimkumbuka sana Waithaka. Lakini zaidi alijichukia kwa kunyamaza.

Jumatatu aligonga mlango wa Dakta Wangare.

“Leo sikutumwa na darasa,” alisema. “Mimi mwenyewe nilielewa Nyota kwa sababu ya vile viazi. Na ujue pia kwamba Waithaka ni mpenzi wangu, ili upime maneno yangu.”

Dakta Wangare alivua miwani. “Ungeyasema siku ile, yangekuwa maoni. Leo nafasi imeshachukuliwa.”

Namalwa alimkuta Waithaka kwao Dundori, shambani, gumbuti zimemfika magotini, akichimba viazi na mama yake. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye ua. Namalwa alikuja na viatu vyake vya kanisani, vikazama.

“Umetumwa na nani?” Waithaka aliuliza, hakuacha jembe.

“Sijatumwa. Nimeenda kwa Wangare, lakini nilichelewa.”

Alichimba mashina mawili zaidi. “Basi sema.”

“Mazoezi yako yalikuwa marefu. Unarudia sana jambo moja, wenzangu hawakudanganya. Lakini mimi nilielewa, na nilikaa pale kama jiwe wakati ulinihitaji. Nisamehe.”

Jembe lilisimama. Kwa mara ya kwanza alitabasamu, nusu tu.

“Hilo la kurudia ungeniambia mapema.”

“Niliogopa.”

“Nimepata kazi ya kufundisha sekondari Olenguruone. Naenda wiki hii, Namalwa. Nimeshakubali.”

Namalwa alijua Olenguruone ni mbali, huko juu kwenye msitu wa Mau, na kwamba chumba chake kitazidi kuwa kimya. Alitaka kusema usiende, akaona hana haki hiyo.

“Nenda,” alisema. “Lakini usiende ukidhani uliachwa.”

Mama yake Waithaka alikuwa amekaribia, gunia begani, akimpima mgeni kuanzia kilemba hadi viatu vilivyoharibika.

“Waithaka, huyu ni nani?”

Waithaka alifungua mdomo. Namalwa alimwekea mkono kifuani.

“Mimi ni Namalwa, mama,” alisema. “Mimi ndiye ninayempenda kijana wako.”