Mlinda Wiketi Hafungui

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe ishirini na moja Februari mwaka 2071, jua likiichoma Nairobi bila huruma. Siku hiyo Mpangaji, mashine ya kuchagua timu ya taifa ya kriketi ya wanawake, ilionyeshwa kazini kwa mara ya kwanza mbele ya nchi nzima. Kila mchezaji alikuwa na kisikizi, kidude kama punje ya mtama kilichoshonwa chini ya ngozi ya kifua. Kilisikiliza moyo, jasho na usingizi, kikapeleka habari kwa Mpangaji, nayo ikapanga nani apige kwanza, nani afuate, nani akae benchi. Majina yaliwaka hewani juu ya uwanja, herufi kubwa kama nyumba, na watu wakashangilia.

Jina la kwanza lilikuwa Namalwa, mke wa Wechuli.

Wechuli hakuvuka darasa la nne, lakini hata yeye alijua linalojulikana na kila klabu ya mtaani: mlinda wiketi hafungui, yaani hatangulii kupiga. Mtu amechuchumaa nyuma ya vijiti vya wiketi ova zote hamsini, mipira sita kila ova, kila mpira anainuka na kuinama kwenye joto lile, halafu umvue glavu, umpe gongo, umwambie atangulie? Mpe kivuli kwanza. Mpe maji. Namalwa alikuwa akipiga wa sita miaka yote. Siku hiyo alitangulia, na ova ya tatu haikuisha. Alianguka bila kuguswa na mpira, na hakuamka.

"Ni Mpangaji iliyopanga, mzee wetu," wakuu walimwambia msibani, nyuso zimeinamishwa. "Sisi hatukuwa na la kufanya."

Mashine utaishtaki wapi? Wechuli akaishi na chuki yake kama mtu anavyoishi na jino bovu. Bintiye Khakasa akakua, akavaa glavu za mamake, akawa mlinda wiketi wa taifa. Kisha asubuhi moja majina ya mechi ya Jumamosi yakawaka. Namba moja: Khakasa.

Wechuli hakunywa hata chai. Alikwenda moja kwa moja hadi makao ya chama. Daktari Kiptanui, mwenyekiti wa wateuzi, alimpokea kwa tabasamu la watu wenye ofisi kubwa.

"Karibu, Baba Khakasa. Umekuja kutupongeza?"

"Nimekuja uniteremshie mtoto. Mweke wa sita."

"Mzee, hii ni sayansi. Si kupanga watu foleni ya unga."

"Foleni ya unga haijaniulia mke."

Khakasa alikuwa ameshaingia mlangoni, jasho la mazoezi bado shingoni. "Baba, tafadhali. Utanitia aibu."

"Aibu haizikwi, mwanangu. Watu ndio huzikwa."

Kiptanui akapumua kwa nguvu, akaelekeza kidole kwenye nguzo ya kioo pembeni, taa ya kijani ikipepesa ndani yake. "Basi iulize mwenyewe. Inaelewa Kiswahili."

Alidhani mzee ataona haya. Wechuli akaisogelea nguzo, akaikoholea kidogo kama anayebisha hodi.

"Wewe. Kwa nini umemtanguliza mtoto wangu?"

"Shikamoo, mzee," Mpangaji ikajibu, sauti yake kama ya mtangazaji wa redio. "Khakasa nimempanga wa sita. Namba moja si yangu."

Kiptanui akainuka. Kiti chake kikagonga ukuta.

Wechuli akaisogelea zaidi nguzo, akauliza tena. "Na mamake? Namalwa?"

"Nilimpanga wa sita. Moyo wake ulikuwa umechoka. Niliuliza wateuzi: Apumzike? Kitufe cha La kikabonyezwa, na jina lake likapandishwa hadi namba moja."

"Na nani?"

"Waliobonyeza hawakutaka niwekewe uwezo wa kujua."

Miaka yote hiyo Wechuli alikuwa amelaani chuma, na chuma ndicho peke yake kilichomwonea mkewe huruma. Akamgeukia Kiptanui. Daktari alikuwa akitazama dirisha. "Tulihitaji ushindi," akasema chini chini. "Nchi nzima ilikuwa ikitazama. Tulikuwa watano mezani."

"Sikuuliza mlikuwa wangapi."

Khakasa alikuwa akivuta uzi uliochomoza kwenye glavu. "Nitafungua tu, Baba," akasema. "Nikikataa hawataniita tena. Unawajua."

Wechuli aliwajua. Angemshika mkono amtoe pale, lakini mkono ule haukuwa tena wa mtoto. Akaishia kumtengenezea kola ya jezi, kama Namalwa alivyopenda kufanya, kisha akawatazama wote wawili, daktari na nguzo.

"Haya. Jumamosi hii mashine itauliza tena kama mwanangu apumzike. Nani atakuwa ameketi mbele ya kitufe?"