Diski ya Siku ya Kwanza Shuleni

Kila alipotoka shule, Nukta alivua viatu mlangoni, akaosha vyombo vya asubuhi, akafuta meza na kupanga sahani. Siku nyingi alipanga tatu, kisha akakumbuka na kurudisha moja kabatini. Miezi minne ilikuwa imepita tangu mama yake afariki, na mikono yake bado ilihesabu watu watatu.

Hakulia. Majirani walimsifu kuwa ni msichana jasiri, lakini ujasiri wenyewe haukuwapo. Alikuwa amekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu. Walimu wakimuuliza hali, alijibu "nzuri" na kuendelea kuandika.

Jina la Nukta alipewa na mama huyo huyo, kwa kuwa alizaliwa mdogo mno. Mama ndiye aliyeshika kamera ya nyumbani siku zote, kwa hiyo ndani ya video zao yeye hakuonekana, alisikika tu. Video zenyewe zilikuwa kwenye diski saba, ndani ya bati la biskuti, kila moja na maandishi yake kwa kalamu nene.

"Jumamosi tutazipeleka kwa fundi," baba alisema. Kazi yake ilikuwa kuunga mabomba, na vitu vilivyochakaa alivijua. "Atahamisha kila kitu, kisha atuunganishie filamu moja nzuri. Diski hizi zinazeeka, zisije zikatutupa mkono."

Jumapili kabla ya hapo, baba akiwa kazini, Nukta aliweka kwenye deki diski iliyoandikwa "Nukta, siku ya kwanza shuleni". Picha ilitokea, ikaenda kidogo, ikaanza kukwama. Sauti ya mama ilikwama nayo: "Nukta, tazama hu... hu... hu..."

Nukta akadhani ni uchafu. Akaipeleka jikoni, akaipaka dawa ya meno, akaisugua kwa sponji ya sufuria, tena kwa upande ule mkali, akizungusha na kuzungusha. Hivyo ndivyo alivyofundishwa kusafisha sufuria, na sufuria zake ziling'aa. Alipoirudisha, deki iliandika kwamba haioni diski. Akaikausha, akaifunika kwenye bati, akaenda kupanga sahani. Hata moyo haukumdunda.

Jumamosi walifika kwa fundi. Alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyokaa kipajini badala ya machoni, na diski aliziita wagonjwa.

"Shikamoo, fundi," Nukta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Haya, leteni wagonjwa tuwapime."

Sita zilisoma. Fundi alizifuta kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, kisha kompyuta ikaanza kuzinakili moja moja. Ya saba aliishika mwangani, akashusha miwani.

"Huyu kapigana na paka? Mikwaruzo hii ni ya lini?"

Baba alimtazama Nukta.

"Ilikuwa hivyo hivyo," Nukta alijibu.

"Na mara ya mwisho ilicheza lini?"

"Zamani. Miaka mingi."

Fundi aliijaribu kwenye mashine mbili, akatikisa kichwa. "Ninaweza kuing'arisha, lakini kung'arisha ni kuipunguza ngozi. Kama imelala miaka mingi bila kusoma, basi imeoza ndani, na ngozi si tatizo lake. Nitaimaliza bure. Pole, baba. Hii imekufa."

Baba alikuwa na kofia mkononi. Aliikunja, akaikunjua. "Ni kosa langu," alisema taratibu. "Nililiacha lile bati juu ya kabati, jua likalipiga. Mama yake alinionya. Nilizembea mimi."

Nukta aliyasikia maneno hayo, na kitu kikamchoma kifuani. Baba alikuwa ameubeba mzigo ambao haukuwa wake, na fundi alikuwa tayari ameinua mkono kuiweka diski kwenye ndoo ya taka.

"Usitupe!" Nukta alisema. "Si jua, baba. Ni mimi. Niliisugua Jumapili kwa sponji ya sufuria, na dawa ya meno."

"Jumapili ipi?" fundi akauliza.

"Hii iliyopita. Kabla sijaisugua ilikuwa inakwama, lakini ilionyesha picha. Nilimsikia mama."

"Ilionyesha picha Jumapili!" Fundi akapiga meza mpaka miwani ikaruka. "Basi haijafa, imechubuka tu! Mbona uliniacha niandike cheti cha kifo?"

Akaiosha dawa ya meno iliyoganda kwenye mikwaruzo, akaifunga kwenye mashine ya kung'arisha, akasubiri, akaitazama, akairudia. Baba aliikunja kofia tena. Nukta naye alikaa akitazama sakafu. Hatimaye kompyuta ikaanza kuguruma, polepole, ikisita na kuendelea. Sehemu ndogo ya mwisho haikusoma. Nyingine yote ilipona.

Wakaitazama pamoja. Nukta wa miaka sita alisimama mlangoni na begi kubwa kuliko mgongo wake. Kisha kamera ikayumba, ikaonyesha sakafu na miguu, picha ikawa vurugu tupu.

"Hapa nakata," fundi akasema. "Kwenye filamu nzuri hatuweki makosa ya kamera."

Lakini sauti ikatoka katika vurugu hiyo, ikicheka mpaka inakosa pumzi: "Nukta, tazama huku! Hebu tazama viatu vyako! Umevaa cha kulia kushoto, mwanangu! Mwalimu atakuuliza unakuja au unaondoka!"

Nukta akacheka. Alikuwa bado anacheka machozi yalipoanza, na yalichoma, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kuamka.

"Usikate, fundi," alisema. "Mama yuko hapo."

Fundi akaondoa kidole kwenye kitufe. "Sikati. Lakini nikuambie, mwanangu. Sponji haikuwa shida kubwa; kila siku naletewa diski zilizosuguliwa na watu wazima na akili zao. Kilichokaribia kuitia kwenye ndoo ni lile 'ilikuwa hivyo hivyo' lako. Mimi hutengeneza kwa kufuata ninachoambiwa."

Baba akamshika Nukta bega. "Kwa sponji mama yako angekucheka kama hivyo. Kwa uongo angekukasirikia, na mimi nimekasirika. Ukiharibu kitu niambie mapema, tukitafutie dawa pamoja. Na ukiumia, niambie vilevile. Usinijibu 'nzuri'."

"Si nzuri, baba," Nukta alisema. "Nimemkumbuka mama."

"Mimi pia."

Fundi akafuta miwani yake, ingawa haikuwa na vumbi, kisha akairudisha picha nyuma mpaka pale kwenye viatu.